Heko, fundi wa chokaa

Ndani ya Kreta ya Ngorongoro, karibu na Mto Munge, yamebaki magofu ya nyumba ya Adolf Siedentopf, mlowezi wa Kijerumani aliyefuga huko kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuta za namna hiyo humtaka fundi mwenye subira, na huyo nampa heko kwa moyo wote. Hakimbilii saruji: ni ngumu mno, hufungia unyevu ndani, na tofali la kuchoma huanza kubanduka uso. Yeye huchokonoa kiungo kilichooza kwa patasi, hufagia vumbi, hulowesha, kisha hushindilia chokaa na mchanga kidogo kidogo. Mwishowe hutundika gunia lililoloweshwa, maana upepo mkavu huiua chokaa mbichi. Kesho yake alfajiri yuko pale tena, ndoo mkononi, analilowesha.