Paa na Ufunguo

Msomaji wa riwaya za Unguja huzoea upesi njia moja ya mateso: binti hutoka katika nyumba ya heshima, huishia kibandani, na humo hupatwa na kila baya. Kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba ubovu wa kibanda ndio umharibuo mwanamke. Mimi naona kwamba riwaya zenyewe zashuhudia kinyume cha hayo.

Na tutazame Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Bi Tamima anakaa katika nyumba kubwa ya Bwana Maksuudi, wala hakosi chakula wala kitanda. Lakini uchungu wa uzazi unapomshika, mumewe anamnyima msaada. Kitoto kinakufa, naye anapewa talaka. Paa lilikuwa zima. Ufunguo ndio uliokuwa mkononi mwa mwingine. Maimuna, binti yake, anayeangukia umalaya na ulevi, hakukimbia ukuta mbovu, bali ukuta imara uliomfungia.

Adam Shafi naye, katika Vuta n'kuvute (1999), anamtoa Yasmin, mwari wa Kihindi, katika nyumba ya Raza, mume aliyemzidi umri kupita kiasi, na kumfikisha Ng'ambo kwa Mwajuma. Huko upo ufukara mwingi, lakini upo pia mlango ambao mwanamke huufungua mwenyewe.

Hili si jambo la vitabuni tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilivunja nyumba nyingi za Ng'ambo ikajenga majumba marefu ya ghorofa Michenzani, kufuata mipango iliyoanzishwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Ilikuwa neema kwa watu waliovujiwa na makuti. Walakini zege halimwulizi mwanamume kwa nini ameikana mimba. Msichana aliyefukuzwa ghorofani hushuka ngazi na furushi lake sawasawa na mwenziwe atokaye kibandani.

Hapa, lakini, ninalo la kuwalaumu watunzi wetu. Katika Asali Chungu (1977), ya Said Ahmed Mohamed pia, tajiri Zuberi anazaa nje ya ndoa, na mtoto huyo, Dude, ndiye tunayemfuata hatua kwa hatua mpaka maangamizi yake. Mama aliyeibeba mimba ile hapewi nafasi kama hiyo. Hasira yake imerithiwa na mwanawe kama shamba, naye mwenyewe hatumsikii ipasavyo. Twaonyeshwa dhambi ya baba na adhabu ya mwana. Hesabu ya mama yapita kati bila kusomwa.

Yafaa mtunzi ajaye aanzie hapo: siku ile mwanamke anapojua kwamba ana mimba asiyoitazamia, kazi hana, na chumba alalamo ni cha watu. Asimhurumie upesi, wala asimhukumu. Kwanza amwache aseme.