Kina cha Limeriki Hutafutwa kwa Sikio

Limeriki ni ubeti mmoja wa mzaha wenye mishororo mitano, uliostawi katika Kiingereza na wenye jina sawa na la mji wa Limerick, Ayalandi. Mshororo wa kwanza, wa pili na wa tano huwa mirefu, kila mmoja ukiwa na mikazo mitatu. Wa tatu na wa nne ni mifupi, mikazo miwili tu. Vina hufuata mgawanyo huohuo. Mirefu ikipewa alama a na mifupi b, mpangilio ni a-a-b-b-a.

Kazi ngumu ni kuamua kipi kinatosha kuwa kina. Aliyezoea tarbia au utenzi hutazama silabi ya mwisho: bahari na jeuri hupatana kwa -ri, basi. Kiingereza hakiridhiki na hapo. Kina chake huanzia kwenye irabu ya silabi ya mwisho yenye mkazo, kikaendelea hadi neno linapokoma. Daughter (dota), water (wota) na after (afta) yangepita yote kwa -ta katika shairi la Kiswahili. Katika limeriki mawili ya kwanza hupatana kwa -ota, na la tatu hutupwa nje. Tahajia nayo hudanganya: laughter hufanana mno na daughter kwa maandishi, lakini husomwa lafta, kwa hiyo mwenzake ni after.

Chukulia limeriki ambayo mishororo yake inaishia daughter, water, shop, stop, caught her. Macho huona miisho mitatu tofauti katika a. Ikisomwa haraka, her hupoteza h yake, na maneno mawili huungana kuwa kota. Kina cha namna hii, kinachoshonwa kwa maneno mawili, huchekesha hasa kikiwekwa mwishoni, kwa kuwa sikio limekuwa likingojea -ota tangu mishororo mifupi ilipoikatiza.

Edward Lear, aliyetoa A Book of Nonsense mwaka 1846, mara nyingi hakuitumia nafasi hiyo: neno la mwisho la mshororo wa kwanza, aghalabu jina la mahali, hurudi lilelile katika wa mwisho. Kina kinatimia, ila mshangao haupo. Waliomfuata walipendelea neno jipya, na mzaha ukapata makali. Matoleo mengine ya Lear huunganisha pia mishororo miwili mifupi kuwa mmoja. Anayehesabu mistari kwenye ukurasa hukosa b, ambayo sasa imegeuka kina cha kati.

Aina moja huipindua kanuni ya sikio. Mji wa Salisbury, Uingereza, huitwa pia Sarum, na kaunti ya Hampshire hufupishwa Hants. Mtunzi huandika jina refu, kisha huyapotoa maneno mengine yafuate tahajia yake, huku yakitakiwa kusomwa kwa sauti ya -arum au -ants. Asiyejua majina hayo mafupi hapati kina wala kicheko.