Mkono wa Kushoto wa Larry Holmes

Mwaka 1969 Muhammad Ali na Rocky Marciano walifungiwa studio huko Miami wakapigana mbele ya kamera, raundi za dakika moja moja, zaidi ya sabini. Ali alikuwa amenyang'anywa leseni kwa kukataa kwenda jeshini. Marciano alikuwa amestaafu tangu 1956, na ilibidi apunguze mwili na kuvaa nywele za bandia ili afanane na bingwa aliyekumbukwa. Hawakupigana kweli. Kompyuta ililishwa takwimu zao ili itoe mshindi, nao wakarekodi miisho ya kila namna. Marciano akafa kwa ajali ya ndege kabla filamu haijatoka. Januari 1970 watazamaji wa Marekani wakamwona akishinda kwa KO raundi ya 13. Wabishi hawakunyamaza, wala sioni kwa nini wangenyamaza.

Shida ya ubishi huu ni vipimo. Joe Louis alitetea ubingwa wa uzito wa juu mara 25 akiwa na kilo 90 hivi. Wladimir Klitschko alipanda ulingoni na kilo 110. Enzi za Louis bingwa alikuwa mmoja, siku hizi mikanda mikubwa ni minne. Raundi 15 zimekuwa 12. Ukianza kuhesabu ushindi, mikanda na KO, kila mtu ataondoka na jibu alilokuja nalo. Ndiyo maana mimi napenda kutazama kitu kimoja tu, ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, kwa sababu hiyo inafanya kazi ileile kwenye filamu zilizochakaa za miaka ya 1930 na kwenye simu yako leo.

Ni ngumi anayofundishwa kijana siku ya kwanza, na kocha ataendelea kumpigia kelele juu yake mpaka astaafu. Mguu wa nyuma unasukuma, wa mbele unateleza kidogo. Kiwiko kinatoka kikiwa chini ya ngumi, hakipanuki nje. Bega linapanda kukinga kidevu, na ngumi inageuka mwishoni kabisa, kiganja kikitazama sakafu. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kurudi: mkono upite njia ileile uliyoendea, upesi kuliko ulivyotoka, hadi shavuni. Watazamaji huona ngumi inayokwenda. Bondia mjuzi hutazama inayorudi.

Max Schmeling aliitazama. Kabla ya kukutana na Louis Juni 1936 alichunguza filamu zake akagundua kwamba kijana yule, aliyekuwa hajashindwa, akishanyoosha kushoto huurudisha mkono chini. Ni kosa la kufumba na kufumbua. Schmeling alisubiri hapo hapo na mkono wa kulia, akamwangusha raundi ya nne, akammaliza raundi ya 12. Kocha wa Louis, Jack Blackburn, naye bondia mkongwe, akawa na kazi ya kuupandisha ule mkono. Waliporudiana Juni 1938, Schmeling hakupewa nafasi ya kusubiri chochote: sekunde 124, kwisha.

Huko Detroit, kwenye ukumbi wa Brewster alikofanyia mazoezi Louis, palikuwa na bondia mdogo wa umbo aitwaye Eddie Futch. Alikuwa na uzito mwepesi, lakini Louis alimtaka ulingoni wakati wa mazoezi kwa sababu ya wepesi wake. Kwa hiyo Futch aliuona mkono wa kushoto wa Louis mahali ambapo wengi wetu tusingependa kuuonea. Baadaye akawa kocha, tena kocha wa kutazama. Nikisikia watu wakilinganisha enzi, namfikiria yeye, maana maisha yake yalipita katikati ya zote.

Alipomtazama Ali aliona nini? Mkono wa kushoto wa Ali ulianzia chini, karibu na kiuno, ukachomoka huku mwenyewe akizunguka na kuegemea nyuma. Kwa kanuni za Blackburn hayo yote ni makosa, na yote yalikuwa sahihi kwa sababu ya miguu na macho ya Ali. Februari 1964 ngumi zake zilimchana Sonny Liston chini ya jicho la kushoto, na Liston akakataa kutoka kwenye kiti raundi ya saba. Lakini Futch aliona kwamba Ali akinyoosha kushoto, mkono wake wa kulia hauko mahali pa kukinga. Akamfundisha Ken Norton asikimbie: ngumi ya Ali idakwe na kiganja cha kulia, na papo hapo mkono wa kushoto wa Norton utoke. Machi 1973, San Diego, Norton alimvunja Ali taya na kushinda kwa pointi.

Hapa niseme jambo la kwetu kidogo. Kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, George Foreman alichukua dhahabu ya uzito wa juu, lakini Kombe la Val Barker, analopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote, lilikwenda kwa Mkenya Philip Waruinge, aliyerudi nyumbani na shaba. Walioamua hivyo walitenganisha medali na ufundi bila kuona aibu. Laiti mabishano yetu ya vijiweni yangekuwa na ujasiri huo.

Maana bila kutenganisha hivyo, Larry Holmes hapati haki yake. Alikulia Easton, Pennsylvania, na akapata riziki kwa kuwa mtu wa kupigwa na Ali mazoezini, kwenye kambi ya Deer Lake. Pale alichukua ule mchomoko wa Ali. Lakini kwake mkono haukurudi kiunoni kupumzika. Ulirudi nusu ya njia, ukatoka tena, mara ya pili nzito kuliko ya kwanza, mara ya tatu ikifuatwa na kulia. Mtazame raundi moja ukiwa umezima sauti. Mpinzani akiinua mguu kusogea, ngumi tayari iko usoni, mguu unarudi ulipokuwa. Dakika tatu zinapita mtu hajaanza shambulio lake hata moja. Hakuna KO ya kurudiwa kwenye televisheni, na jioni ile mtu ameshaharibiwa.

Juni 1978 alikutana na Norton huyohuyo, aliyefundishwa kuizima ngumi ya aina hii, na siku chache kabla msuli wa mkono wake wa kushoto ulikuwa umechanika. Akapigana nao hivyohivyo. Majaji wote watatu waliingia raundi ya 15 wakiwa na pointi sawa. Holmes akaipata raundi hiyo kwa wawili kati yao, kwa tofauti ya pointi moja, na ubingwa ukawa wake.

Kilichomponza ni nyakati. Oktoba 1980 alimpiga Ali, mtu aliyekuwa amekwisha, mpaka kona ikasimamisha baada ya raundi ya kumi. Holmes alilia, na dunia haikumsamehe. Mwaka 1982, Futch akiwa sasa kwenye kona yake, alimsimamisha Gerry Cooney raundi ya 13. Mwaka 1985 alikuwa na ushindi 48 bila kushindwa, akihitaji mmoja kufikia rekodi ya ushindi 49 ya Marciano. Michael Spinks akamshinda kwa pointi, naye akamsema marehemu Marciano maneno ambayo kuyameza kungemfaa zaidi. Ni kweli pia kwamba orodha ya aliowapiga Ali, yaani Liston, Frazier na Foreman, haina mfano kwake. Kwa urithi mzima Ali yuko juu, na sibishi.

Lakini ufundi huonekana vizuri kasi ikishaondoka. Februari 1992 Holmes, mwenye miaka 42, alipambana Atlantic City na Ray Mercer, bingwa wa Olimpiki ya 1988 aliyekuwa hajashindwa. Miguu haikuwepo tena. Alijibanza kwenye kona na kamba, akamwacha Mercer arushe, halafu ngumi ya kushoto inatoka, fupi, katikati ya mikono ya kijana. Majaji wote walimpa yeye. Juni mwaka huohuo akamaliza raundi 12 na Evander Holyfield, akashindwa kwa pointi.

Anayetaka kumtoa Holmes kwenye watano bora wa uzito wa juu anitajie kwanza ni nani kati ya hao watano aliyekuwa na mkono wa mbele kama ule. Louis? Tukae tubishane. Liston, labda. Marciano, hapana, hata kompyuta iseme nini.