Siri ya Nguvu za Ndani na Mizani ya Kuipimia

Tangu miaka ya sabini, sinema za Kichina zilipoanza kujaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, vijana wetu wengi wamesadiki kwamba katika milima ya Uchina wapo watawa waliorithishana siri ya kukuza nguvu iliyomo ndani ya mwili. Wachina huiita nguvu hiyo qi, neno linalotamkwa "chi", nalo hubeba kwa pamoja maana ya pumzi, hewa na uhai. Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, mara kwa mara nilikuta mikononi mwa wanachuo vijitabu vilivyorudufiwa hata herufi zikafifia, vikiahidi kuifunua siri hiyo. Karibu kila kijitabu kilikuwa na neno moja kwenye jalada: mafundisho "halisi". Neno hilo ndilo ninalotaka kulihakiki hapa, kwa kuwa limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake.

Mtu akisema kwamba mafundisho fulani ni halisi, huwa anasema mambo matatu kwa mkupuo mmoja. La kwanza, kwamba maandishi yake ni ya kale na yametungwa na yule anayetajwa. La pili, kwamba yamepokewa mkono kwa mkono bila mnyororo kukatika. La tatu, kwamba atakayeyafuata atapata kile kilichoahidiwa. Mambo haya hayategemeani. Kitabu chaweza kuwa cha kale na kisifae kitu. Chaweza kuwa cha juzi na kikafaa sana. Wauzaji wa siri hupenda kuyafunga katika furushi moja, ili ukikubali moja uwe umeyakubali yote.

Tuchukue mfano ulio maarufu kuliko yote, yaani kitabu kiitwacho Yijin Jing, jina ambalo twaweza kulifasiri "Kanuni ya Kubadilisha Kano". Masimulizi husema kwamba kitabu hiki kiliachwa na Bodhidharma, mtawa wa Kibudha aliyetoka India na kufika Uchina katika karne ya 6. Inasemekana aliketi miaka tisa akiutazama ukuta karibu na hekalu la Shaolin, na baada yake watawa wakaona sanduku la chuma lenye vitabu viwili. Kimoja kilihusu kuosha uboho, nacho kikatoweka. Cha pili ndicho hiki cha kano, kinachofundisha jinsi ya kuikusanya qi na kuufanya mwili uwe mgumu kama chuma.

Kitabu chenyewe kimetanguliwa na dibaji mbili. Ya kwanza imetiwa jina la jemadari Li Jing na tarehe ya mwaka 628. Ya pili imetiwa jina la Niu Gao, askari wa shujaa Yue Fei, na mwaka 1142. Kisha mwishoni kuna maelezo ya mtu mmoja wa dini ya Kidao, yenye mwaka 1624. Msomaji wa kawaida akiona majina makubwa hayo na tarehe hizo huinamisha kichwa. Mhakiki huinua kalamu.

Hapa kwetu pwani tunayo mizani nzuri kwa kazi hii. Wanavyuoni wa hadithi hawaridhiki kusikia maneno mazuri, huuliza isnadi. Nani kampokea nani? Waliishi wakati mmoja? Walikutana? Mnyororo ukikosa kiungo kimoja, hadithi hushuka daraja hata kama maneno yake ni matamu. Tuitumie mizani hiyo kwa dibaji ya mwaka 628. Li Jing anasema humo kwamba alipewa kitabu na mtu aitwaye Qiuran Ke, yaani Mgeni wa Ndevu Nyingi. Huyu Qiuran Ke ni nani? Ni mhusika wa hadithi ya kubuni, tena hadithi ambayo kwa desturi hutajwa kuwa ya Du Guangting, aliyezaliwa mwaka 850. Katika hadithi hiyo Li Jing naye ni mhusika. Maana yake ni kwamba aliyeandika dibaji alikuwa ameisoma hadithi hiyo, au ameisikia, akadhani ni historia. Jemadari wa mwaka 628 hawezi kupokea kitabu kutoka kwa mtu aliyebuniwa zaidi ya miaka mia mbili baadaye. Ni sawa na mtu kutuonyesha hati ya shamba na kusema babu yake aliuziwa na Sungura.

Ushahidi wa upande mwingine pia upo. Habari ya zamani kabisa kumhusu Bodhidharma imo katika kitabu cha Yang Xuanzhi cha mwaka 547 kuhusu mahekalu ya Luoyang. Humo anaonekana mtawa mgeni akistaajabia uzuri wa hekalu. Hakuna mazoezi, hakuna ngumi, hakuna sanduku la chuma. Jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa Shaolin mwaka 728 linaeleza jinsi watawa walivyomsaidia Li Shimin vitani mwaka 621, lakini halisemi kwamba nguvu zao zilitokana na mafundisho ya Bodhidharma. Kwa takriban miaka elfu moja kitabu hakijulikani. Halafu kinajitokeza katika karne ya 17 kikiwa na majina makubwa kifuani kama nishani.

Wala asidhani mtu kwamba uhakiki huu ni wa wageni wanaowaonea Wachina wivu. Katika karne ya 18, Ling Tingkan, mwanachuoni wa Kichina, aliukejeli uandishi huo na kumwona mtunzi wake kuwa mtu wa elimu haba. Mwaka 1930 Tang Hao alichapisha utafiti wake kuhusu ngano za Shaolin na Wudang. Yeye alisomea sheria, na pia alikuwa mwenyewe mcheza ngumi za Kichina. Alilipenda somo lake, na kwa kulipenda akakataa kulipamba kwa uongo. Nawaheshimu sana watu wa namna hiyo.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Kusema kwamba kitabu hiki kimesingiziwa wahenga si kusema kwamba elimu yote ya pumzi na mwili ni ya uzushi. Miaka ya 1972 hadi 1974 wachimbaji walifukua makaburi ya Mawangdui, karibu na mji wa Changsha. Katika kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo walikuta kitambaa cha hariri chenye picha za watu 44 wakijinyoosha, wakijipinda na wakiinua mikono, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Huo ni ukale usio na shaka. Wala picha hizo hazidai kuwa za siri, bali zinamwonyesha mtu na namna ya kuinua mkono, basi.

Tena si kila anayetaja jina la mhenga ni tapeli. Kipo kitabu kingine kilichotafsiriwa kwa Kijerumani na Richard Wilhelm mwaka 1929, "Siri ya Ua la Dhahabu", ambacho mwanasaikolojia Carl Jung alikiandikia ufafanuzi. Kimenasibishwa na Lü Dongbin, mhenga wa zama za Tang. Wataalamu wa leo wanaonyesha kwamba kiliandikwa mwishoni mwa karne ya 17 katika mikutano ya waumini walioamini kwamba roho ya mhenga huyo iliiongoza kalamu. Hao hawakukusudia kumwibia mtu. Kwao, kutaja jina la mkubwa kulikuwa adabu na ibada. Lakini nia njema ya mwandishi haiisogezi tarehe ya kitabu nyuma hata kwa mwaka mmoja.

Sasa tuitazame siri yenyewe. Dibaji ya Niu Gao inasema kwamba alikificha kitabu katika ukuta mlimani kwa kuwa hakumwona mtu aliyestahili kukipokea. Tuyatafakari maneno hayo. Swali la kwanza ambalo hakimu angeuliza ni hili: mbona hakuna aliyekiona kitabu kwa muda wote huo? Dibaji imelijibu kabla halijaulizwa. Siri hapa inafanya kazi ya kuziba pengo la ushahidi.

Watu watasema: mbona sisi Waafrika nasi tunazo siri, za jando na unyago? Ndiyo, tunazo, na mfano huo wanifaa. Siri ya jando ina wenyewe, na wazee hao wanajulikana kwa majina na nyumba zao. Kila kijana wa mahali hapo huipata wakati wake ukifika, na akidhurika kuna wa kuulizwa. Siri ya vijitabu haina mwenyewe. Mwalimu wake yuko mlima usiofikika, na kila hatua inayofuata ina bei yake. Zaidi ya hayo, mazoezi ya Yijin Jing yalikwisha chapishwa pamoja na michoro tangu karne ya 19, na mwaka 2003 mamlaka ya michezo ya Uchina iliyatoa hadharani katika utaratibu mmoja kwa ajili ya afya ya wananchi. Anayekuuzia leo kama siri anakuuzia maji akiwa amesimama mtoni.

Mtetezi mwenye busara atanijibu hivi: "Mwalimu, mimi tarehe hazinihusu. Nimefanya mazoezi miezi mitatu, mikono yangu inapata joto, nalala vizuri. Je, si halisi hiyo?" Namjibu kwamba ni halisi kabisa, na aendelee. Mtu akipumua polepole na kulegeza misuli, mishipa ya damu ya mikononi hutanuka na joto huongezeka. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mazoezi ya taratibu ya taijiquan huwapunguzia wazee hatari ya kuanguka, na sisi wenye miaka sabini na zaidi twajua kuanguka ni jambo gani. Lakini joto la mkono ni ushahidi wa joto la mkono. Halishuhudii sanduku la chuma, wala halishuhudii kwamba bwana fulani aweza kuituma qi yake kupitia ukutani imponye mgonjwa. Mwaka 1988 wachunguzi kutoka Marekani walilijaribu jambo hilo hukohuko Uchina. Walimweka mtaalamu chumba kimoja na mgonjwa wake chumba kingine, kisha wakalinganisha nyakati. Mgonjwa alitikisika kweli, ila kutikisika kwake hakukufuata nyakati ambazo nguvu ilitumwa.

Kwa nini nalishikilia jambo hili kana kwamba ni kesi ya ardhi? Mwalimu mwenzangu, mstaafu kama mimi, alikuwa na shinikizo la damu, akimeza vidonge kila asubuhi. Akajiunga na darasa la nguvu za ndani. Mazoezi yalimfaa, alichangamka, tumbo likapungua. Kisha mkufunzi wake akamwambia kwamba vidonge huiziba qi, na kwamba mafundisho haya yamewaponya watu kwa miaka 1,500 kabla ya hospitali kuwapo. Akanijia na kijitabu mkononi akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma vitabu vingi. Hiki ni cha kweli?" Nikamwambia, "Mwalimu, hata kama kiliandikwa kwa mkono wa Bodhidharma mwenyewe, hakijui presha yako ya leo asubuhi. Fanya mazoezi, meza vidonge, nenda zahanati upimwe." Alinisikiliza kwa adabu, lakini ile miaka 1,500 ilikuwa na uzito kuliko mimi. Haukupita muda mrefu kiharusi kikamwangusha. Yu hai, twamshukuru Mungu, ila mkono wake wa kuume haushiki kalamu. Mkufunzi yule alikwisha hamia mji mwingine.

Tazama jinsi furushi lilivyofanya kazi. Mazoezi yalikuwa mema, na wema wake ukatumika kuithibitisha historia isiyo ya kweli. Historia hiyo nayo ikatumika kuithibitisha amri ya kuacha dawa. Kila hatua iliazima heshima kutoka kwa iliyotangulia, na mzee wa watu, aliyefundisha watoto kupanga hoja kwa zaidi ya miaka thelathini, hakupewa nafasi ya kuifungua hata fundo moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa mafundisho ya namna hii usianze kwa kuuliza kama ni halisi. Lifungue furushi kwanza. Kuhusu kitabu, uliza tarehe na mashahidi wake. Kuhusu mwalimu, uliza yeye alifundishwa na nani, wapi, na kama huyo aweza kuulizwa. Kuhusu mwili wako, uliza kifaa cha zahanati na si hisia peke yake. Kisha mtazame mwalimu anavyopokea maswali yako. Akikuambia kwamba kuuliza ni ukosefu wa imani, au kwamba jibu liko katika daraja la juu ambalo hujalilipia, umekwisha jibiwa. Nimekagua walimu wengi darasani maishani mwangu. Aliyelijua somo lake alifurahi kuulizwa, na asilolijua alilisema wazi ubaoni mbele ya wanafunzi.