Ninamtetea Fisi

Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, vijana wetu walicheza igizo fupi uwanjani, na hapa Nakivale bado linasimuliwa. Mama mmoja amefika juzi kutoka Fizi. Yuko kwenye mstari wa kuandikishwa. Karani anamuuliza kwa Kiingereza ana watoto wangapi. Anajibu, "Yes." Jina lako nani? "Yes." Mume yuko wapi? "Yes." Halafu anatokea mkalimani, kijana wa miwani myeusi, anamwokoa kwa maneno matamu. Mama anapopiga magoti kumshukuru, kijana anachomoa mche wa sabuni kwenye furushi lake. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka hadi machozi.

Niseme ukweli, waliigiza vizuri. Aliyecheza mama (alikuwa mvulana, na kitenge kilimkaa sawasawa) alizipa zile "Yes" sauti tatu: ya kwanza ya heshima, ya pili ya woga, ya tatu ya mtu aliyechoka. Sina shida naye. Shida yangu ni ile sabuni. Aliyeibiwa tulimcheka, mwizi tukampigia makofi.

Hayo tulifundishwa zamani, kando ya moto. Sungura anakula akiba ya wenzake usiku, anampaka Fisi mafuta mdomoni akiwa amelala, asubuhi Fisi anapigwa. Nimesikia hadithi za namna hiyo tangu utoto, na sikumbuki hata moja ambamo msimulizi aliuliza kama kile kipigo kilikuwa haki. Lakini tazama vizuri: wote wawili wana njaa ileile. Wanachopishana ni mdomo. Sungura anajua kusema, Fisi hajui. Yaani kwenye hadithi zetu akili ni ulimi tu, na asiye na ulimi anastahili fimbo.

Hata ile methali, njia mbili zilimshinda fisi. Alinusa nyama huku, akanusa nyama kule, akataka kupita zote mbili, akapasuka. Watoto wanacheka sana hapo. Ila nani kati yetu hana mguu mmoja kwenye njia ya kurudi Kongo na mwingine kwenye faili la kupelekwa Kanada au Marekani? Kwetu sisi tunaita matumaini.

Mimi nilifika huku na miaka 15, nimemaliza mwaka wa pili wa sekondari, kwa Kifaransa. Shule moja ikaniweka darasa la tatu la msingi, kwa sababu ya Kiingereza. Magoti hayakuingia chini ya dawati. Hesabu ya ubaoni niliijua kabla mwalimu hajamaliza kuiandika, ila neno la "kutoa" sikulijua. Watoto wa kwetu waliozaliwa hapahapa ndio walioniita yuma. Baada ya mwezi mmoja na mimi niliamini. Mwalimu akiniuliza kitu, nasimama, najibu "Yes." Ile ya tatu naijua vizuri kabisa.

Nyerere alipotaja maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, ujinga ulikuwa kitu cha kutibiwa, kama malaria. Mjinga alikuwa mtu ambaye hajajua bado. Igizo letu linaugeuza kuwa sura ya mtu: mama anaingia mjinga, anatoka mjinga, hakuna hata mmoja jukwaani anayemfundisha neno moja.

Na wale ambao akili yao kweli inaenda polepole? Kwenye kijiji chetu yupo mmoja anayebebea watu maji. Wengine wanamlipa nusu kwa sababu hahesabu pesa. Anakumbuka kila dumu ni la nyumba gani, hata gizani, lakini hiyo hatuiiti akili. Siku ya igizo alikaa mbele kabisa, chini, na alicheka tulipocheka.

Nilimtafuta kijana aliyeliandika. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Kaka, bila mujinga batu habawezi kucheka." Nikamwambia Abunuwasi anachekesha, na mara nyingi anayepatikana pale ni tajiri mwenye tamaa: jirani aliyekubali kwamba sufuria limezaa, kisha akakataa kwamba limekufa. Akafikiri kidogo. "Basi andika weye."

Nimeanza. Kwangu mama anamjibu karani kwa Kibembe, anataja watoto wake saba mmoja mmoja, na nani alizaliwa wakati wa mvua gani. Karani ameshika kalamu, haelewi kitu. Anasema, "Yes." Nimefika hapo. Mkalimani bado amesimama mlangoni na miwani yake, na kila nikimwingiza, mkono wake unaenda kwenye furushi.