Tangi Tupu

Ukibisha hodi kwa mfugaji wa anemoni bahari anayeijua kazi yake, huenda ukatoka unacheka. Sebuleni pana tangi la kioo la lita 200. Taa inawaka, pampu inanong'ona, mawe yamepangwa kama gofu la mji wa kale, na ndani hamna kitu. Samaki wako wapi? Bado. Rudi mwezi ujao, jibu ni lile lile.

Anemoni ni mnyama, ingawa ukimwona amejishikiza mwambani, minyiri ikiyumbayumba na mkondo, utaapa kuwa ni ua. Hana mifupa, hana macho wala ubongo. Ana mguu mmoja, mdomo mmoja, na minyiri yenye sumu ya kumlemaza kamba. Anayependwa sana na wafugaji ni Entacmaea quadricolor, ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama viputo. Si mgeni kwetu huyu: anaishi kwenye matumbawe ya Afrika Mashariki, na makao yake yanaenea hadi Samoa.

Kwanza maji. Ya bomba yana klorini na pengine shaba, na shaba ni kifo kwa viumbe wa namna hii. Basi huchujwa mpaka yabaki maji matupu, ndipo itiwe chumvi maalumu ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita. Tangi letu hilo linakula kilo saba. Ya jikoni haifai, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Maji yakipungua kwa mvuke, mwanagenzi huongeza ya chumvi, maana si ni bahari? Fundi huongeza yasiyo na chumvi. Chumvi hairuki na mvuke, na ukiizidisha kidogo kidogo kila siku, mwisho unamkausha mnyama ndani ya maji.

Halafu kusubiri, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mabaki ya chakula na kinyesi hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile. Wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, iliyo na nafuu kubwa. Bakteria hawa huota kwenye mawe taratibu, wiki nne, pengine sita. Muda wote huo fundi anatia chembe za chakula kwenye tangi lisilo na mlaji, anapima, anaandika daftarini. Anafuga asiowaona. Amonia na nitriti zikishafika sifuri, samaki mmoja mgumu aweza kuingia. Anemoni bado: wazoefu humngojea miezi sita, wengine mwaka, mpaka maji yaache kigeugeu.

Siku akifika, huzoeshwa maji mapya tone kwa tone, kisha huwekwa juu ya jiwe zuri alilochaguliwa. Usiku anahama. Mguu ule mmoja hutambaa, na anaweza kuzunguka tangi zima akitafuta mwanga na mkondo anaoupenda. Mwanga ni chakula chake pia, kwa kuwa mwilini mwake mnaishi mwani mdogo mno unaompikia kwa jua. Asiye na subira humbandua na kumrudisha. Mguu ukichanika, kidonda chaweza kumwua. Fundi alikwisha kuziba mdomo wa pampu kwa sponji tangu mwanzo, maana anemoni akivutwa humo huwa kachumbari, na uozo wake huchafua tangi lote. Baada ya hapo hutia mikono mfukoni. Nadhani hiyo ndiyo hatua ngumu kuliko zote.

Wapo waliofuga bila pampu wala taa. Mwaka 1828, Mskoti John Graham Dalyell aliokota anemoni mdogo mwekundu huko North Berwick, wa aina ya bahari za baridi isiyotegemea mwani, akamweka kwenye chombo cha kioo na kumbadilishia maji ya bahari. Baadaye watu walimwita Granny, yaani Bibi. Dalyell alifariki mwaka 1851. Bibi akarithiwa na mtunzaji mmoja baada ya mwingine mjini Edinburgh. Alikufa mwaka 1887, miaka 36 baada ya aliyemwokota.