Anza na Herufi Adimu

Je, yapo maneno matano ya Kiingereza, kila moja la herufi tano, ambayo yakiwekwa pamoja hayarudii herufi hata moja? Maana yake ni herufi 25 kati ya 26 za alfabeti. Swali hili aliletewa Matt Parker, mwanahisabati mzaliwa wa Australia anayeishi Uingereza, na msikilizaji wa podikasti yake, enzi zile mchezo wa maneno wa Wordle ulipokuwa umewateka watu. Parker aliandika programu kwa lugha ya Python, akaiacha isage kwenye kompyuta yake. Ilimaliza baada ya karibu siku 32.

Majibu yalipatikana, na moja ni hili: fjord, gucks, nymph, vibex, waltz. Herufi iliyoachwa ni q peke yake. Kufikia mwaka 2022 watazamaji wa video zake walikuwa wameichukua kazi hiyo na kuifupisha mpaka programu za haraka zaidi zikawa zinamaliza kwa milisekunde 7 hivi, yaani kasi iliyozidi ile ya kwanza mara milioni 400. Ni rahisi kuipa sifa lugha ya C++ au mashine zenye nguvu. Mimi naona sifa hiyo inapelekwa pasipo pake. Vitu hivyo vilisaidia, lakini kilichoupunguza muda ni namna ya kuuliza.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Orodha iliyotumika ina maelfu ya maneno ya herufi tano. Ukitupa yanayorudia herufi, kisha ukahesabu kama moja yale yenye herufi zilezile, mfano angel, angle na glean, unabaki na takriban 6,000. Njia za kuchagua matano kati ya hayo ni kama 65 ikifuatwa na sifuri 15. Hakuna kompyuta ya mezani itakayozipitia zote moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza ya ukombozi ni kuacha kulitazama neno kama maandishi. Ipe a thamani ya 1, b 2, c 4, d 8, e 16, ukizidisha kwa mbili mpaka z. Neno cab linakuwa 7, bed linakuwa 26. Kompyuta ikizilinganisha namba hizo biti kwa biti, inabaki 2, yaani b, herufi ambayo maneno yote mawili yanayo. Ikibaki sifuri, hayagusani. Kwa njia hiyohiyo ukitaka maneno yote yenye a, c na b kwa pamoja, unalinganisha kila neno na 7, na lile linalorudisha 7 kamili ndilo lenye herufi zote tatu, kwa mpangilio wowote. Ni tendo moja tu la kichakataji, na hakuna kupekua herufi moja moja.

Mtazamaji mmoja, Benjamin Paassen, aliliona swali hili kama grafu: kila neno ni nukta, na nukta mbili huunganishwa na mstari pale maneno yake yasiposhirikiana herufi. Hapo kazi inakuwa kutafuta nukta tano ambazo kila moja imeungana na nyingine zote. Kila unapochagua neno, orodha ya yanayoweza kulifuata inapungua, na njia zilizokufa hukatwa mapema. Siku 32 zikashuka chini ya nusu saa, kwa lugha ileile ya Python.

Lakini hatua ninayoipenda kuliko zote ni ya waliokuja baada yake. Waliona kwamba, kwa kuwa herufi moja tu ndiyo inayoruhusiwa kukosekana, kila herufi nyingine lazima ipatiwe neno. Basi kwa nini uanze na neno lolote? Anza na herufi yenye maneno machache kabisa. Mpakiaji wa lori hutanguliza kabati. Mito haikosi pa kuingia.

Tazama inavyokwenda. Q ina maneno machache, nayo karibu kila mara huivuta u pamoja nayo. Yajaribu hayo, kisha chukulia kwamba q ndiyo iliyokosekana. Kuanzia hapo huna ruhusa ya kuacha herufi nyingine. X inadai neno: chukua vibex. J inadai lake: fjord, na haligusani na la kwanza. Z nayo: waltz. Zimebaki c, g, h, k, m, n, p, s, u na y, herufi kumi za kutengeneza maneno mawili tu, nymph na gucks. Mti wa utafutaji ambao ungekuwa na matawi elfu kadhaa shinani sasa una machache yanayohesabika. Kwa orodha hiyo majibu yote ni 538, ukijumlisha na yale yanayotofautiana kwa mpangilio wa herufi tu.

Kuna mzigo mwingine uliojificha humo, nao ni irabu. Ukiihesabu y, Kiingereza kina herufi sita za kubeba sauti za irabu, na maneno ni matano. Neno kama raise, ambalo wachezaji wa Wordle hulipenda kwa kufungulia mchezo, linakula tatu peke yake na kuyaacha mengine manne yakigombea o, u na y. Ndiyo maana jibu limejaa maneno ya kuazima yaliyosongamana konsonanti: fjord kutoka Kinorwe, waltz kutoka Kijerumani, nymph yenye asili ya Kigiriki.

Kwa Kiswahili swali hili lingegonga ukuta mapema. Q na x hatuna, c haitembei bila h, na silabi zetu hutaka irabu. Neno la herufi tano lenye irabu moja ni adimu sana. Mchwa ni mojawapo. Liweke pamoja na bonde: hayagusani, lakini a, o na e zimekwisha. Zimebaki i na u, na neno la tatu likizichukua zote mbili, hakuna la nne.